Pistoni Iliyogoma Asubuhi

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Tumefika Vulamba, mtaa wa Butembo, na mitambo yote miwili. Fuso ya Hassan, kaka yake Mama Asma, ilitoka Beni alfajiri, na barabara ilikuwa tulivu. Mama Asma, mwenye kiwanda chetu cha sabuni, amekodi hangari yenye uwanja mpana. Sabuni itachemshwa uwanjani, chini ya mabati, kwa sababu mwenye nyumba hataki moshi ndani. Mitambo ya kugonga chapa itakaa ndani. Kule Beni vyote vilikuwa katika chumba kimoja.

Kimeharibika kitu kimoja tu njiani: saa ya kupimia hewa kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Kioo kimepasuka na mshale umelala.

Jumatano, 4 Septemba
Nimefungua vérin zote mbili, zile zinazosukuma chapa kwa hewa, kabla ya kuzifunga mahali pake. Naandika jinsi zilivyo, ili nikifa atakayenifuata asipapase gizani.

Kila vérin ni bomba la chuma la upana wa sentimita nane, nililolisugua ndani mpaka likang'aa. Ndani ya bomba kuna pistoni, kipande cha duara chenye pete mbili za mpira nilizozikata kwenye chambre à air, mpira wa ndani wa tairi la lori. Pistoni imeshika fimbo, na fimbo hiyo niliitoa kwenye amortisseur, kizuia mitikisiko cha gari lililokufa, maana chuma chake hakipati kutu. Juu na chini kuna vifuniko viwili vilivyobanwa kwa vyuma vinne virefu. Kila kifuniko kina tundu moja la hewa. Hewa ikiingia juu, pistoni inashuka na fimbo inakandamiza chapa juu ya sabuni. Robineti, ile koki ya hewa, ikigeuzwa, hewa ya juu inatoka na nyingine inaingia chini, pistoni inapanda. Ni hayo tu. Kwa hewa ya bar sita, kila vérin inasukuma kama kilo mia tatu. Ikipanda ina nguvu pungufu kidogo, kwa kuwa fimbo inakula nafasi yake upande wa chini.

Nikazirudishia matone mawili ya mawese kwenye tundu la juu, kama kila asubuhi tangu miaka sita. Mama Asma hataki mafuta ya motere, ya injini, karibu na sabuni. Yanaacha doa na harufu. Sabuni yetu inatoka kwa mawese ya Mangina, basi na mashine yake inywe mawese. Kule Beni hatukupata tatizo hata siku moja.

Jumatatu, 9 Septemba
Kazi imeanza. Watu wawili ni wapya na wawili ni wa zamani. Antoinette, wa hapa Vulamba, amewekwa kwenye mtambo wa kwanza. Mkono wa kuume unaweka kipande cha sabuni, wa kushoto unavuta robineti. Anajifunza haraka. Octave amekuja nasi kutoka Beni, yeye na kompresa yake. Anaiwasha kabla jua halijatoka, anaisikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

Nimempima Antoinette kwa saa yangu: vipande kumi na vinne kwa dakika.

"Papa Muyisa," akasema, "unanipima na saa sawa vile unataka kunioa. Niko na bwana, na eko mukali."

Wote walicheka. Octave alicheka kuliko wote, na baadaye nikajua sababu: anamtazama Jessica, mdogo wake Antoinette, anayeleta chakula saa sita.

Jumanne, 17 Septemba
Mvua. Baridi ya mji huu inaingia mpaka kwenye mifupa ya mtu wa Beni.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimeona jambo. Asubuhi pistoni ya mtambo wa kwanza inashuka kwa sekunde tatu, wakati mwingine nne. Saa tano inashuka kwa sekunde moja, kama kawaida. Nimeanza jedwali: tarehe, saa, sekunde za kushuka, sekunde za kupanda.

Alhamisi, 3 Oktoba
Saa moja asubuhi: sekunde nne. Saa tatu: mbili na nusu. Saa tano: moja. Siku kumi mfululizo, jedwali linasema hivyo hivyo. Hewa ya asubuhi ni pungufu. Octave anachelewa kuwasha, hakuna maelezo mengine.

Nikamwendea.

"Yaya, tanki imejaa," akaniambia; huniita hivyo kama kaka mkubwa. "Soupape imelia mara mbili. Unataka ilie namna gani tena, iimbe?"

"Basi kwa nini pistoni inashuka sawa muzee kwa ngazi?"

"Uliza pistoni. Miye niko mutu wa hewa."

Soupape ndiyo tundu la usalama: hewa ikipita kipimo, inafunguka na kulia. Nikafikiri labda ameilegeza ili ilie mapema, apate kulala. Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Alifuta mikono kwenye suruali na kurudi kwenye kompresa yake.

Ijumaa, 11 Oktoba
Habari njema kwa Octave. Wazee wake walikuja kutoka Beni Jumapili na mbuzi tisa za mahari, na baba yake Jessica, Papa Mathe, amezipokea. Zimebaki tatu, zitakuja Noeli. Tulikunywa Coca kazini, na Antoinette akamwita "shemeji" mara mia moja kabla ya saa sita.

Asubuhi: sekunde nne na nusu.

Nimemwona Antoinette, pistoni ikikwama nusu ya njia, anapiga bamba la chapa kwa ngumi mpaka inashuka. Mfanyakazi wa mtambo wa pili naye anafanya vile vile. Wamezoea. Nimewakumbusha kurudisha robineti kwanza, hewa itoke.

Jumamosi, 19 Oktoba
Chupa ya mawese ilikuwa imeganda tena. Antoinette akaniwekea kando ya jiko lake la makaa analootea uwanjani, kama kila asubuhi, ikayeyuka, nikatia matone yangu. Nimeandika sekunde tano. Nimemwambia Mama Asma kwamba mtu wa kompresa hafanyi kazi yake. Akasema, "Umuonye. Wewe njo kitabu yetu," maana miye ndiye ninayeandika.

Jumanne, 22 Oktoba
Naandika kwa shida.

Mvua ilinyesha usiku kucha na hangari ilikuwa baridi kama kisima. Saa moja na dakika ishirini pistoni ya mtambo wa kwanza ilikwama nusu ya njia. Antoinette aliipiga ngumi, haikutikisika. Kipande cha sabuni kilikuwa kimekaa upande chini ya chapa. Robineti alikuwa ameivuta, hakuirudisha. Aliingiza mkono wa kuume kunyoosha sabuni. Pistoni ikaachia ghafla, na kilo mia tatu zikashuka zote kwa mara moja.

Sitaandika sauti yake. Octave ndiye aliyefika wa kwanza, akageuza robineti, akamfunga mkono kwa shati lake mwenyewe, akambeba mgongoni mpaka barabarani kwenye pikipiki. Miye nilisimama na saa mkononi.

Vidole viwili, cha pili na cha tatu. Daktari amevikata.

Jioni Mama Asma alituita wote. Alikuwa amelia. Akaniuliza miye, si mwingine:

"Papa Muyisa, miye sijue mambo ya hewa. Uniambie tu: ni nani?"

Nikaleta jedwali. Nikamweleza kwamba hewa ya asubuhi ilikuwa pungufu, pistoni ikakosa nguvu, kisha Octave akaongeza mwendo wa motere na hewa ikapanda kwa ghafla. Nilisoma tarehe moja baada ya nyingine. Siku ishirini na sita. Jedwali langu lilikuwa safi, bila kufutwa mahali.

Octave alisema, "Mama, tanki ilikuwa imejaa. Nakuapia."

"Karatasi inasema je?" akauliza Mama Asma.

Octave alinitazama. "Karatasi haina kosa," akasema. "Yaya hakosake kuandika."

Amefukuzwa leo leo.

Jumatano, 23 Oktoba
Nimewasha kompresa mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri. Wa mtambo wa pili anafanya kazi polepole, kwa hofu. Mtambo wa kwanza nimeufunga.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nilimtembelea Antoinette nyumbani kwa baba yake, anakouguzwa. Mkono wake umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Jessica alileta viti na kuondoka bila salamu. Papa Mathe akaniambia, "Wasingya, asante kwa kutuambia ukweli. Tulikuwa tunatoa mutoto kwa mutu mwenye alimukata mutoto mwengine." Nikainamisha kichwa, nikanywa chai.

Jumatatu, 4 Novemba
Siku kumi na moja za kompresa mikononi mwangu. Soupape inalia mara mbili kila asubuhi. Na mtambo wa pili unashuka kwa sekunde nne. Nimesema labda nami ninawasha kwa kuchelewa. Kesho nitaamka saa kumi.

Jumanne, 5 Novemba
Saa kumi. Sekunde nne.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimepata saa mpya ya hewa kwenye duka la vifaa vya lori. Nimeifunga. Nimekaa mbele yake kabla ya watu kufika. Mshale ulisimama kwenye sita na nusu. Nikavuta robineti: sekunde tano. Hewa ilikuwa tele.

Ijumaa, 8 Novemba
Alfajiri nimefungua vérin ya mtambo wa kwanza, ambao hakuna aliyeugusa tangu siku ile. Nilifungua vile vyuma vinne virefu, nikavuta fimbo. Haikutoka. Nikapiga kwa nyundo ya mbao. Pistoni ilitoka imevaa koti la njano, zito, limeshikamana na bomba pande zote kama nta. Mawese. Mawese yangu, matone mawili kila asubuhi, yameganda juu ya yale ya jana na ya juzi.

Kule Beni mitambo ilisimama hatua nne kutoka kwenye pipa la kuchemshia sabuni, penye joto. Mafuta hayakupata nafasi ya kuganda. Hapa hangari ni baridi, na hewa yenyewe inapotoka kwenye tundu inazidi kuwa baridi, mtu akiweka kidole anaisikia. Asubuhi pistoni inashikwa. Hewa inajikusanya nyuma yake, yote, mpaka mafuta yanakatika, na hapo pistoni inaruka. Saa tano chuma kimepata joto na kila kitu ni sawa.

Kila asubuhi niliona chupa imeganda. Kila asubuhi iliwekwa kando ya moto iyeyuke, nikayatia mafuta kwenye chuma baridi, nikasimama na saa kupima uvivu wa Octave. Hakuna mama muuza mawese katika soko lolote la mji huu ambaye hangejua.

Jumamosi, 9 Novemba
Jana nilinunua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani kwa fundi wa nguo wa jirani. Ni meupe, hayanuki, hayagandi. Kwa kuwa yanavimbisha mpira, nilimwomba mshona viatu anikatie pete za ngozi. Nikafunga. Leo saa moja asubuhi, katika baridi: sekunde moja.

Mama Asma akasema, "Kumbe Octave alikuwa anatuharibia kweli. Tazama namna iko natembea!"

Sikusema kitu.

Jumatatu, 11 Novemba
Sekunde moja. Sikusema.

Jumatano, 13 Novemba
Mtambo wa pili nao nimeubadilisha. Sekunde moja. Nilikwenda mpaka mlangoni pa ofisi ya Mama Asma. Alikuwa akizungumza na mteja kutoka Kanyabayonga, akanionyesha: "Huyu njo ingénieur wetu." Nikaomba misumari.

Alhamisi, 14 Novemba
Wa mtambo wa pili ameniambia kwamba kwa Papa Mathe wamekaa kikao, uchumba umevunjwa. Mbuzi zitarudishwa Beni. Nimesema moyoni kwamba kesho nitakwenda kusema kweli.

Ijumaa, 15 Novemba
Mvua.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimeziona. Zilipandishwa kwenye Fuso ya Hassan, mbele ya hangari yetu, kwa sababu ndilo gari lililokuwa likienda Beni. Mbuzi tisa, na mjomba wa Jessica ameshika kamba. Mmoja alikataa kupanda. Hassan akaniita: "Papa Muyisa, saidia mukono, huyu eko kichwa nguvu!"

Nikasaidia. Nilimshika miguu ya nyuma, nikamsukuma juu.

Jumanne, 19 Novemba
Nimesema.

Nilingoja Mama Asma amalize swala ya adhuhuri, nikaweka mezani pete ya zamani ya mpira pamoja na donge la mawese nililolihifadhi ndani ya karatasi. Nikaeleza mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza akilizungusha donge kwa kidole.

"Ulivumbua hii lini?"

"Tarehe nane."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Siku kumi na moja," akasema polepole. "Wallahi, Papa Muyisa, kwa hii mafuta nakusamehe. Hata miye niliona chupa, hata miye nilisema tusiweke mafuta ya motere. Mais kwa siku kumi na moja, hapana. Ile utabeba wewe moya."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Akavaa mtandio wake, tukaenda wawili kwa Papa Mathe, kwa miguu, bila neno.

Nilisimama katikati ya chumba na kusema yote tena. Antoinette alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Jessica alisimama mlangoni. Nilipomaliza, Antoinette ndiye aliyesema kwanza.

"Ile chupa ni miye nilikuwa nakuwekea kwa moto."

"Ndiyo, mama."

"Kila asubuyi."

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza hata siku moya. Miye nalikamata mawese tangu utoto. Ungesema tu, Antoinette, hii mafuta inaenda wapi? Ningekuambia." Akarudi kwenye maharage. "Ulikuwa unanipima tu."

Papa Mathe hakupandisha sauti. Alisema kwao mbuzi zikirudi, baba wa msichana hawezi kuzifuata. Itakuwa kama anamtembeza mtoto wake sokoni. Kama Octave bado anataka, aje yeye na wazee wake, mlango ataukuta wazi. "Na wewe," akaniambia, "ndiye utaenda kumwambia. Si kwa telefone."

Jumatano, 20 Novemba
Barabara ya Beni imefungwa na jeshi leo. Nimengoja.

Jumamosi, 23 Novemba
Beni. Octave nilimkuta kwenye gereji upande wa kutokea Mangina, amelala chini ya lori, anafunga breki. Nilijua viatu vyake. Nikaita jina lake, viatu vikatulia.

"Yaya Muyisa," akasema kutoka chini. "Vérin zako zinatembea?"

"Zinatembea. Toka, nina neno."

Alitoka, akakaa juu ya tairi. Nilimwambia. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, nikayasema kwa utaratibu: hewa ilikuwa tele, soupape ilisema kweli, kosa ni mafuta, mafuta ni yangu. Papa Mathe amefungua mlango. Mama Asma anamrudisha kazini na mshahara wake. Kila mtu anajua sasa.

Alisafisha kucha kwa bisibisi.

"Mbuzi haziko tena," akasema. "Siku ya pili tu, baba badogo walizipeleka kwa bakwe, wazazi ya bibi ya Jéthro, mudogo wangu. Yeye naye alikuwa anangoja kuoa. Walisema mbuzi hazilale bure." Akainua macho. "Ulijua lini, yaya?"

"Tarehe nane."

"Na mbuzi zilifika huku tarehe ngapi?"

Alijua. Alitaka nitamke miye.

"Kumi na sita."

"Nane," akasema. "Kumi na sita." Alizihesabu siku za katikati kwa vidole vya mkono mmoja, kisha vya mwingine, mbele yangu, bila haraka. Kisha akasema, "Bon," yaani sawa.

Akalala tena chini ya lori. Nilisimama pale mpaka mwenye gereji akaniuliza kama nina gari la kutengeneza.

Jumapili, 24 Novemba
Nimerudi Butembo. Nimemwambia Papa Mathe kwamba ujumbe umefika.

Alhamisi, 28 Novemba
Antoinette ameanza tena kazi, kwenye kufunga makatoni. Hataki kukaribia mitambo, na hakuna anayemlazimisha. Kila mtambo sasa una robineti mbili, moja kwa kila mkono, na pistoni haishuki mpaka zote mbili zivutwe. Nilizifunga kwa siku moja. Vifaa vyake vilikuwa kwenye sanduku langu tangu Beni.

Jumatatu, 2 Desemba
Jessica amekuja leo. Hakuleta chakula. Alipita watu wote, akasimama mbele yangu nikiwa nimeshika fimbo ya vérin.

"Alisema nini?"

"Alisema mbuzi zimekwenda kwa mke wa mdogo wake."

"Ile najua. Yeye, alisema nini?"

"Alisema bon."

"Bon tu?"

"Bon tu."

Alifikiri. "Bon ya hasira, ama ya kuchoka? Ama bon ya kusema atakuja?"

Nilifungua daftari hili mbele yake, nikatafuta tarehe ishirini na tatu. Nilikuwa nimeandika gereji, lori, tairi, bisibisi, tarehe nane na tarehe kumi na sita. Sauti yake sikuiandika. Nilijaribu kuikumbuka, nikiwa nimesimama pale na kidole juu ya ukurasa, na Jessica akingoja, na sikuweza.